Bibi Mason wa Mtaa wa Spring

Katika Los Angeles ya miaka ya 1880, mtu aliyekosa pa kulala au ambaye ndugu yake yuko jela alijua mlango wa kubisha hodi. Ulikuwa namba 331, Mtaa wa Spring Kusini. Watu walijipanga nje, weusi kwa weupe, wakimsubiri mwanamke mzee ambaye mjini wengi walimwita Bibi Mason. Miongoni mwa watu wazima wa mji ule walikuwamo waliopokewa duniani na mikono yake. Jengo lililokuwa nyuma ya mlango ule lilikuwa lake. Ardhi iliyo chini ya jengo ilikuwa yake. Na miaka thelathini tu kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu.

Alipewa jina la Bridget, likafupishwa likawa Biddy. Alizaliwa utumwani mwaka 1818, kusini mwa Marekani, na sheria za huko ziliruhusu auzwe, arithishwe au atolewe zawadi. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alichojifunza, alijifunza kwa wanawake watumwa waliomtangulia: kuuguza, kujua mizizi na majani ya dawa, na kuzalisha. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe maisha yake yote.

Marekani humkumbuka Biddy Mason kama mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza kumiliki ardhi Los Angeles, na humweka katika hadithi za watu waliotoka chini wakatajirika. Sibishi. Ila nikiyasoma maisha yake, naona fedha ilikuja nyuma ya jambo jingine kubwa zaidi. Mama huyu alitumia kila alichokuwa nacho, kwanza mdomo wake, kisha mikono yake, mwisho akiba yake, ili watu wa damu yake wasitawanywe.

Nyuma ya ng'ombe

Mmiliki wake, Robert Smith, alikuwa mkulima wa Mississippi. Alipojiunga na dini ya Wamormoni, akaamua kuwafuata waumini wenzake waliokuwa wakihamia magharibi ya mbali. Msafara uliondoka Machi 1848: Wazungu 56 na watumwa 34, pamoja na magari ya kukokotwa na maksai na makundi ya mifugo. Biddy alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Kazi yake ilikuwa kuswaga mifugo nyuma kabisa ya msafara, mahali ambapo vumbi lote la magari na kwato humwangukia mtu. Alikuwa na mabinti watatu: Ellen, aliyekuwa na miaka kumi hivi; Ann, wa miaka minne; na Harriet, ambaye bado alikuwa mchanga. Msafara ukipiga kambi, kulikuwa na kupika. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wa kuitwa alikuwa yeye.

Alitembea hivyo zaidi ya kilometa 2,700 hadi Bonde la Salt Lake. Sanamu za waanzilishi wa magharibi ya Marekani huonyesha baba amekamata bunduki, mama amekumbatia mtoto, wote macho mbele. Huyu aliyekuwa nyuma ya ng'ombe, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda, naye ni mwanzilishi, na kwa maoni yangu anastahili heshima kubwa kuliko waliopanda magari.

Miaka mitatu baadaye, 1851, Smith alihama tena, safari hii hadi San Bernardino, California. Viongozi wa kanisa lake walikuwa wamewaonya wenye watumwa kwamba huko ni nchi huru. Katiba ya California ya mwaka 1849 ilikuwa imepiga marufuku utumwa, na mwaka 1850 jimbo lilipokelewa katika muungano likiwa jimbo lisilo na watumwa. Lakini sheria haitembei yenyewe hadi kwenye kibanda cha mtu. Kwa miaka minne Biddy aliendelea kupika, kufua na kuchunga kwa Smith, ndani ya jimbo ambalo kwa katiba yake hakuna mtumwa.

Bondeni, Desemba 1855

Mwishoni mwa mwaka 1855, Smith aliamua kuhamia Texas. Texas ilikuwa nchi ya utumwa bila kificho, yenye minada na yenye wanunuzi. Kabla ya safari alipiga kambi katika bonde moja la milima ya Santa Monica, karibu na Los Angeles. Kambini walikuwamo Biddy na mabinti zake, pamoja na Hannah, mtumwa mwenzake, na watoto wake wengi. Hannah alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, na hali yake ikawachelewesha.

Kilichowaokoa kilianza na mapenzi. Ellen, binti mkubwa wa Biddy, alikuwa na miaka 17 na alikuwa amependana na kijana aitwaye Charles Owens. Baba yake, Robert Owens, alikuwa mtu Mweusi aliyejikomboa kwa fedha yake mwenyewe na sasa alifanya biashara ya farasi mjini Los Angeles, akiwa ameajiri wachunga ng'ombe kadhaa. Zaidi ya hayo alitokea Texas, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa kinachowangoja watoto wale huko. Kijana mwingine, Manuel Pepper, alikuwa amempenda binti mmoja wa Hannah. Vijana walisema, wazee wakasikia, na mzee Owens akaenda kwa mkuu wa usalama wa wilaya. Wakapanda farasi wakaenda bondeni. Kundi zima likaletwa mjini na kuwekwa chini ya ulinzi, ili Smith asiondoke nalo usiku.

Kesi ilisikilizwa Januari 1856 mbele ya Jaji Benjamin Hayes, mzaliwa wa Maryland, jimbo la utumwa. Smith alidai kwamba hawa si watumwa: ni sehemu ya familia yake, anawalisha, anawavisha, nao wanakwenda Texas kwa hiari. Mtu wa kumpinga alikuwa Biddy, lakini sheria za California wakati ule hazikumruhusu mtu Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu mahakamani. Juu ya hilo, wakili wa upande wao alijitoa katika kesi, na ikabainika kuwa alikuwa amelipwa dola 100.

Hapo ndipo Hayes alipofanya jambo ambalo bila hilo tusingekuwa na historia ya kusimulia. Aliwaita Biddy na Hannah faragha, ofisini kwake, mbele ya mashahidi wawili wanaoheshimika mjini, akawauliza wenyewe. Hannah alisitasita, alikuwa ametoka kujifungua, na hofu ilikuwa bado imemkaba. Biddy alijibu. Alieleza kwamba siku zote amefanya alichoagizwa, lakini safari ya Texas imemtisha tangu siku alipoisikia, na kwamba Smith alikuwa amemwambia atakuwa huru Texas sawasawa na alivyo hapa.

Maneno hayo yana uzito, hasa kwa mama aliyekuwa na watoto watatu. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba usalama wa wanawe uko katika kunyamaza kwake. Kama jaji angeamua vingine, angerudishwa kwa mtu ambaye sasa amesikia alichosema. Hata hivyo alisema, na alisema mbele ya wanaume wasiomjua, katika chumba alichoingia kwa mara ya kwanza.

Smith hakutokea tena mahakamani. Tarehe 21 Januari 1856 shauri lilimalizika, na jaji akatamka kwamba watu wote 14 ni huru milele. Alikuwamo Biddy na mabinti zake watatu, na Hannah na wanawe, na mjukuu mmoja wa Hannah. Wengi wa hao 14 walikuwa watoto, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa papo hapo California. Mwaka mmoja baadaye, Machi 1857, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Dred Scott, iliyosema kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia na kwamba kuishi katika nchi huru hakumfanyi mtumwa kuwa huru. Biddy alikuwa amepita mlangoni kabla haujafungwa.

Dola mbili na nusu kwa siku

Mzee Owens aliikaribisha familia nyumbani kwake. Mwaka huohuo wa 1856 Ellen aliolewa na Charles, na hivyo koo mbili zikawa moja. Biddy, ambaye baada ya uhuru alijulikana kwa jina la Mason, akapata kazi kwa daktari John Strother Griffin kama muuguzi na mkunga. Mshahara wake ulikuwa dola 2.50 kwa siku, malipo mazuri kwa mwanamke wa wakati ule, na kwa mara ya kwanza alilipwa kwa kazi aliyokuwa ameifanya tangu ujana.

Los Angeles ilikuwa mji mdogo wa vumbi. Sensa ya 1850 ilihesabu watu 1,610. Ya 1860, watu 4,385. Wengi walizungumza Kihispania, na Biddy akajifunza. Alizalisha mamia ya watoto: wa matajiri waliomlipa, na wa maskini ambao hakuwadai kitu. Ndui ilipoingia mjini aliingia majumbani kuuguza watu ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Alikwenda jela na chakula. Katika miaka ya 1930 msanii Bernard Zakheim alipochora ukutani historia ya tiba ya California, katika chuo kikuu cha tiba cha San Francisco, alimchora Biddy Mason kazini pamoja na Griffin. Mkunga asiyejua kusoma yumo katika ukuta uleule na madaktari wenye shahada.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Kwa miaka kumi aliweka akiba, na tarehe 28 Novemba 1866 alinunua viwanja viwili kati ya Mtaa wa Spring na uliokuja kuitwa Broadway, kwa dola 250. Kwa mshahara wake hizo ni siku 100 za kazi, kama angekuwa hali, havai na hana mtoto. Katika hati ya mauzo alitia alama ya X, kwa kuwa hakujua kuandika jina lake.

Wakati ule viwanja vile vilikuwa nje ya mji. Palikuwa na mfereji wa maji na ua wa miti. Mwingine angejenga kibanda siku ya pili, ahamie, apumue. Biddy hakuhamia. Alijenga nyumba ndogo za mbao akapangisha, na yeye mwenyewe akaendelea kuishi kwa kupanga kwingine. Mwaka 1868 akanunua viwanja vingine katika Mtaa wa Olive kwa dola 375. Mji ukamfuata. Reli ilikuja, wafanyabiashara wakasogea kusini, na Mtaa wa Spring ukageuka kuwa kitovu cha fedha cha Los Angeles. Mwaka 1884 aliuza vile vya Olive kwa dola 2,800, akauza na kipande cha kiwanja cha Spring kwa dola 1,500, na kwenye sehemu iliyobaki akasimamisha jengo la biashara: maduka chini, vyumba vya kuishi juu. Hapo ndipo alipohamia. Alikuwa na miaka 66, na miaka 18 ilikuwa imepita tangu anunue.

Najiuliza nini kinampa mtu subira ya namna hiyo. Jibu langu ni kwamba hakununua kiwanja kwa ajili yake. Katika familia yake ilisimuliwa kizazi kwa kizazi kwamba aliwausia wanawe wasikiuze kiwanja kile cha kwanza. Mtu aliyewahi kuwa na bei anajua tofauti kati ya kitu cha kuuza na kitu cha kusimamia. Watoto wa watumwa walitawanywa kwa sababu hawakuwa na mahali ambapo ni pao kisheria. Biddy aliwatafutia mahali hapo, akapalipia, akapaandikisha, kisha akangoja hadi pawe na thamani ya kutosha kumbeba kila mmoja wao.

Na bado mkono wake haukufumba. Mwaka 1872 waumini wachache walikusanyika nyumbani kwake na kuanzisha Kanisa la Kwanza la AME, kanisa la Wamethodisti Weusi, ambalo ni kongwe kuliko yote ya watu Weusi Los Angeles na liko hai hadi leo. Alilipa kodi ya ardhi ya kanisa na gharama za mchungaji katika siku zile ngumu za mwanzo. Mafuriko ya miaka ya 1880 yalipobomoa nyumba za watu, alifungua hesabu katika duka la vyakula la jirani: aliyeathirika achukue, bili iletwe kwake, bila kuulizwa rangi. Wajukuu na vitukuu walikua wakisikia fundisho lake kwamba mkono uliofumbwa hauwezi kupokea, na uliofunguliwa hubarikiwa kwa kutoa na kwa kupokea. Ilifika mahali, akiwa mzee na dhaifu, mjukuu wake Robert akalazimika kusimama mlangoni na kuwarudisha watu, kwa sababu bibi hakuwa na nguvu tena za kuwaona.

Wajukuu

Si kila kitu kilikwenda sawa. Ann, binti wa kati, alifariki mapema. Charles Owens naye alifariki mwaka 1882, akimwacha Ellen na watoto wawili wa kiume, Robert Curry na Henry. Lakini Ellen, aliyenusurika kupelekwa Texas, aliishi kuona wanawe wakiwa na biashara zao wenyewe. Waliendesha mazizi ya farasi kama babu yao, wakaingia katika ardhi kama bibi yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Curry Owens alitajwa kuwa miongoni mwa watu Weusi matajiri kuliko wote magharibi mwa Marekani. Kutoka bonde la Santa Monica hadi hapo havikupita hata vizazi viwili kamili.

Biddy Mason alifariki tarehe 15 Januari 1891, akiwa na miaka 72. Mji aliouingia ukiwa na watu elfu chache sasa ulikuwa na watu 50,395. Alizikwa katika makaburi ya Evergreen, mtaa wa Boyle Heights, na kaburi halikuwekewa jiwe. Lilibaki hivyo kwa miaka 97. Jina la mwanamke aliyewazalishia watu wa Los Angeles, akawalisha na kuwajengea kanisa, halikuandikwa popote juu ya ardhi iliyomfunika. Hilo linauma, hata kwa msomaji wa mbali.

Familia na kanisa ndivyo vilivyomtunza katika miaka hiyo yote. Vizazi vya Owens vilihifadhi picha na karatasi, ikiwamo nakala ya hukumu ya Hayes, na vitukuu wakasimulia yale ambayo hakuna karani aliyeyaandika: usia wa kiwanja, fundisho la mkono, foleni ya mlangoni. Mwanahistoria akija na hati ya mauzo peke yake, atajua bei na mipaka. Kwa nini hakuuza, angeulizwa mjukuu.

Tarehe 27 Machi 1988 hatimaye jiwe liliwekwa. Watu wapatao 3,000 wa Kanisa la Kwanza la AME walifika makaburini, na pamoja nao Tom Bradley, meya wa kwanza Mweusi wa Los Angeles, ambaye naye alikuwa mjukuu wa watumwa. Mwaka uliofuata, Novemba 1989, palepale kilipokuwa kiwanja chake ulizinduliwa ukuta wa kumbukumbu wenye urefu wa mita 25 hivi, kazi ya mbunifu Sheila Levrant de Bretteville, uliotokana na mradi wa mwanahistoria Dolores Hayden. Kwenye zege zimegandamizwa alama za maisha yake: gurudumu la gari la maksai, mkoba na mkasi wa mkunga, ua wa mbao, ramani ya viwanja, hati ya uhuru. Mtu anatembea kando ya ukuta na miaka inatembea naye, kutoka utumwani hadi kwenye jengo la maduka. Msanii Betye Saar aliweka kazi yake ndani ya jengo la jirani, akaipa jina linalotokana na lile fundisho la mkono uliofunguliwa.

Hukumu ya Januari 1856 iliwakomboa watu 14, na wanne tu kati yao walikuwa wa Biddy. Hannah alirudi San Bernardino kwa mumewe, Toby Embers, na wanawe wakaendelea na maisha huko. Hakununua kiwanja katikati ya mji uliokuja kuwa mkubwa, kwa hiyo hakuna ukuta wa mita 25 wenye jina lake. Alitembea njia ileile kutoka kusini, nyuma ya magari yaleyale. Alijifungua siku chache tu kabla ya kuitwa mbele ya jaji. Kusitasita kwake kumeandikwa katika kumbukumbu za kesi, na wako waandishi wanaokusoma kama udhaifu. Mimi nakusoma kama kipimo cha hatari iliyokuwamo katika chumba kile, ambayo Biddy aliijua sawasawa na yeye. Watakaoandika tena habari za Bibi Mason wamwandike na Hannah, na majina ya wanawe, ambayo yamo katika hati ileile ya uhuru.